Mpwa Wangu, Rudisha Stabilaiza ya Pikapu Yako

Mpwa wangu, mama yako ameniomba niseme nawe, nami nimechoka kusema na vijana wa Arlington hapa Texas juu ya magari yao. Nimesema juu ya matairi yaliyoisha meno, nimesema juu ya simu mkononi, nimesema juu ya kulala usingizi kwenye usukani baada ya zamu ya usiku. Sasa naambiwa umeitoa stabilaiza ya mbele ya pikapu yako, umeitupa nyuma ya nyumba, na kila anayekuuliza unamjibu kwamba gari linakwenda vizuri tu. Haya, kaa. Sitakupigia kelele. Sauti yangu niliimalizia kwenye malori ya barabara ya Mbeya. Nitasema taratibu, nawe unisikilize mpaka mwisho, halafu useme yako.

Najua ilivyoanza. Ulikuwa unasikia kitu kinagonga upande wa kushoto kila ukipita kwenye tuta au shimo. Ukaenda kwa fundi. Fundi akainama, akaona linki ya stabilaiza imelegea, mpira umeliwa, nati imeshikwa na kutu. Badala ya kuhangaika na nati yenye kutu akakwambia kidude hicho hakina kazi, kimewekwa kwa ajili ya raha ya abiria, na wewe una pikapu ya kazi. Akafungua kila kitu. Kelele zikaisha, ukalipa kidogo, ukaondoka unamsifu. Fundi wa namna hiyo yuko hapa, yuko Gerezani Dar es Salaam, yuko Grogan Nairobi. Kwake yeye gari likinyamaza limepona.

Halafu ukaingia kwenye simu, ukakuta watu wengine wanaosema wameendesha miaka bila stabilaiza na hawajaona tofauti. Ukafurahi. Mtu akishatenda jambo hutafuta wa kumwambia kwamba alitenda sawa, na siku hizi wa kumwambia hakosekani.

Tukitazame chenyewe. Stabilaiza ni fimbo ya chuma cha springi iliyokunjwa ncha zote mbili, unene wake kama kidole gumba au zaidi. Katikati imeshikwa kwenye chesisi kwa bushi mbili za mpira zinazoiruhusu kuzunguka. Kila ncha imeungwa kwa linki kwenye mkono wa chini wa gurudumu, moja kushoto na moja kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, fimbo huzunguka tu ndani ya bushi zake na haifanyi lolote. Ndiyo maana huku kwenye maegesho ya maduka ya Cooper Street, unakopita matuta mwendo wa polepole, huoni kama kuna kitu kimepungua. Lakini ukiingia kona, gari likaanza kulalia upande wa nje, gurudumu moja linabanwa kwenda juu na la pili linaachiwa kushuka. Hapo fimbo inasokoteka. Chuma cha springi kikisokotwa kinataka kurudi kilivyokuwa, kwa hiyo kinazuia upande mmoja usizame na wa pili usinyanyuke. Ni kama watu wawili waliobeba gogo moja mabegani: mmoja hawezi kuinama peke yake.

Umeniambia kwamba shokapu zako ni mpya. Vizuri, na zilikuwa za bei. Lakini shokapu kazi yake ni kutuliza mtikisiko, kuifanya springi isirukeruke. Kwenye kona ndefu, ile ya kuzunguka huku umeshikilia usukani mahali pamoja, shokapu ikishamaliza kubonyea haina neno tena. Gari litaendelea kulala mpaka pale springi na stabilaiza zitakapolizuia. Na springi za mbele kiwandani waliziweka laini makusudi, ili mgongo wako usiumie, kwa sababu walijua stabilaiza ipo ya kusaidia kwenye kona. Wewe umeondoa nusu ya hesabu na kuiacha nusu nyingine kama ilivyo.

Na kona ndefu ndizo tulizojaaliwa mkoa huu. Kule kwetu kona tulizoziogopa zilikuwa za milimani. Kitonga, kati ya Mikumi na Iringa, mtu anapanda na kushuka kwa gia nzito na moyo mkononi, na mwendo wenyewe haukuruhusu ujinga mwingi. Hapa hakuna mlima. Hapa wamejenga milima ya zege. Toka I-20 uingie barabara ya 360, au toka 360 uingie I-30, unapandishwa hewani juu ya magari ya wenzio, unazungushwa robo duara, na kijana aliye nyuma yako anataka uzunguke kwa mwendo ule ule aliotoka nao barabara kuu. Nenda Dallas kwenye makutano ya US 75 na I-635, yale wanayoyaita High Five, ghorofa tano za barabara zilizokamilika mwaka 2005, uone mtu anaweza kulalia upande mmoja kwa muda gani kabla barabara haijanyooka.

Hata hivyo, nikubaliane nawe kwa jambo moja, usije ukasema mjomba anatisha watoto. Kona hizo ukiziingia kwa mwendo uliobandikwa kwenye kibao cha njano, pikapu yako itapita bila stabilaiza. Italala, friji ya mteja uliyoipakia itagonga ubavu wa kitanda cha pikapu, utashika usukani kwa nguvu zaidi, lakini utapita. Kesho utapita. Keshokutwa utapita. Hapa ndipo penye udanganyifu wa jambo hili, na hapa ndipo wale wa kwenye simu wanapokosea bila kusema uongo. Wanaposema hawajaona tofauti wanasema kweli, kwa sababu hawajafikiwa na siku yenyewe.

Siku yenyewe ni hii. Unakwenda Houston, kama unavyokwenda karibu kila wiki na vyombo vya watu. Umeshika US 287, umepita Mansfield, Midlothian na Waxahachie, umeingia I-45 pale Ennis. Mwendo unaoruhusiwa sehemu kubwa ya njia hiyo ni maili 75 kwa saa, yaani kilomita 120, na wewe nakujua, hutembei chini ya hapo. Kwa mwendo huo gari linakula zaidi ya mita 33 kwa sekunde moja. Mbele yako kuna pikapu nyingine kama yako, ya mpaka rangi, na ngazi yake haikufungwa vizuri. Ngazi inaanguka. Huna nafasi ya kusimama. Unakata kushoto, halafu mara moja unakata kulia ili usiingie kwenye ukuta wa katikati.

Kukata mara ya kwanza si tatizo kubwa. Tatizo ni la pili. Gari lilikuwa limeshalalia kulia. Unapolirudisha, uzito wote unatupwa kutoka kulia kwenda kushoto kwa kishindo, na springi zilizobanwa zinausukuma uende kwa haraka zaidi. Ndiyo sababu serikali ya Marekani, kupitia idara yake ya usalama barabarani, NHTSA, inapopima magari yanavyopinduka huyakata hivyo hivyo: usukani huku, halafu ghafla kule, kwa mwendo wa kati ya maili 35 na 50 kwa saa, na hutazama kama magurudumu mawili ya upande mmoja yataacha ardhi. Maili 50, mpwa wangu. Wewe unakwenda 75.

Wasweden wana mtihani wao wa namna hiyo, kwa sababu huko mnyama mkubwa kama ng'ombe mwenye pembe pana hutokea ghafla barabarani. Oktoba 1997 waandishi wa jarida la Teknikens Värld waliuchukua mtihani huo wakaujaribu kwenye Mercedes mpya ya A-Class, na gari likapinduka. Mercedes, na ujuzi wao wote na majina yao yote, wakasimamisha mauzo, wakaibadili saspensheni na kuweka kompyuta ya kulituliza gari kwenye kila moja la aina hiyo. Jarida hilo hilo mwaka 2016 likaipeleka Hilux mpya kwenye mtihani, Hilux hiyo hiyo tunayoiapia sisi watu wa Afrika Mashariki, na magurudumu ya upande mmoja yakaondoka ardhini. Ilikuwa Hilux nzima, mpya, yenye kila nati iliyotoka nayo kiwandani. Sikwambii hivyo ili uichukie Hilux. Mimi ningekuwa na uwezo ningekuwa nayo. Nakwambia ujue pikapu huanzia wapi hata kabla ya fundi wako kuigusa.

Huanzia juu. NHTSA wana kipimo kingine kisicho na mashaka mengi: chukua nusu ya upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito wa gari. Saluni nyingi hupata kati ya 1.3 na 1.5. Pikapu, magari ya kifamilia marefu na vani mara nyingi huwa kati ya 1.0 na 1.3. Namba ikiwa ndogo, gari ni jepesi kupinduka. Kisha mtu anainua pikapu yake inchi nne ili ipendeze pale Collins Street, anapakia makabati yaliyosimama wima, anaondoa stabilaiza, halafu ananiuliza kwa nini nakunja uso.

Sasa lipo neno ambalo fundi wako hakukwambia, na nadhani hakulijua, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko kulala kwenyewe. Watu wengi hudhani stabilaiza inazuia uzito usihamie upande wa nje wa kona. Haizuii. Uzito utahama tu, kwa sababu gari lina kimo na lina mwendo. Inachofanya stabilaiza ni kuamua uzito huo unabebwa zaidi na magurudumu ya mbele au ya nyuma. Ukiwa na stabilaiza mbele, gurudumu la mbele la nje ndilo linalobeba sehemu kubwa, na kwa hiyo tairi za mbele ndizo zinazoanza kuteleza gari likizidiwa. Gari linagoma kukata kona, linataka kwenda moja kwa moja. Hilo linaudhi, lakini mtu wa kawaida akiogopa huondoa mguu kwenye mafuta, na hilo hilo ndilo dawa yake. Uzito unarudi mbele, tairi zinashika.

Ukiitoa ya mbele, springi za nyuma, zile za mabapa mazito ya kubebea mzigo, ndizo zinazobaki ngumu kuliko za mbele. Nyuma kunabeba zaidi, na nyuma kunaanza kuteleza kwanza. Na pikapu tupu nyuma yake haina uzito wa kuikandamiza. Umeshusha vyombo Houston, unarudi na kitanda kitupu, mvua ya Mei imepiga I-45 na maji yamesimama kwenye mikondo ya matairi ya malori, unakata kidogo kukwepa, na mkia unaondoka. Hapo mtu wa kawaida akiogopa huondoa mguu kwenye mafuta, au hukanyaga breki, na sasa hiyo ndiyo sumu: uzito unakimbilia mbele, nyuma kunazidi kuwa kwepesi, na pikapu inageuka kuangalia ilikotoka. Wahandisi waliiweka fimbo ile mbele ili wakati wa hofu mguu wako wa kijinga uwe ni mguu wa kukuokoa. Hilo ndilo ulilolitupa nyuma ya nyumba.

Utasema, kompyuta itaniokoa. Najua, pikapu yako ni ya 2014, na magari yote madogo yanayouzwa Marekani kuanzia toleo la 2012, yenye uzito wa mpaka pauni 10,000, yanalazimika kuwa na mfumo wa kielektroniki wa kulituliza gari. Ni kanuni namba 126, ilitolewa mwaka 2007, na imeokoa watu wengi; siidharau. Ila kompyuta hiyo haishiki gari kwa mikono. Inakanyaga breki ya gurudumu moja moja na kupunguza nguvu ya injini, kwa hesabu walizozifunga kiwandani kwa gari lenye springi zile, matairi yale na stabilaiza ile. Ukibadili chini ya gari, haijui. Itaendelea kufanya hesabu za gari ambalo si lako tena.

Na nikuulize jambo la biashara, kwa kuwa wewe ni mtu wa biashara. Hapa hapa Arlington, kando ya 360, General Motors wana kiwanda tangu 1954. Wanatengeneza Tahoe, Suburban, Yukon na Escalade, magari marefu na mazito, ndugu wa damu wa pikapu za kampuni hiyo hiyo. Watu wetu wamefanya kazi humo. Muulize yeyote kati yao jinsi kampuni inavyohesabu senti. Wakipata njia ya kuondoa bolti moja kwa kila gari wanaiondoa, kwa sababu bolti moja mara magari laki kadhaa ni pesa ya kweli. Sasa watu hao, kwa miaka yote hiyo, wameendelea kununua fimbo nzito ya chuma cha springi, linki mbili, bushi mbili, mabano na nati zake, na kulipa mtu wa kuzifunga. Unadhani wahasibu wao hawajauliza kama kidude hicho kina kazi?

Lakini nisiwe mzee wa kukataa kila kitu. Papo mahali pa kuitoa. Jeep Wrangler ya Rubicon ina swichi ya kuiachanisha stabilaiza ya mbele, tangu toleo la 2007, ili kwenye mawe kila gurudumu lishuke lifuate ardhi. Ford Bronco mpya nayo kuna zinazokuja na kifaa hicho. Toyota walikwenda njia nyingine, wakaweka mfumo wa mafuta ya presha unaozilegeza stabilaiza zenyewe kwenye makorongo na kuzikaza barabarani. Land Cruiser ya 200 iliuzwa nao. Ukiwa unatambaa kwenye mawe kwa mwendo wa mtu anayetembea, stabilaiza inakuzuia, na kuiachia ni akili. Ila tazama walivyoifunga swichi ile ya Jeep: inafanya kazi ukiwa kwenye magurudumu manne, mwendo wa taratibu tu, na ukizidi maili kama 18 kwa saa inajirudisha yenyewe. Walioitengeneza kwa ajili ya mawe hawakukuamini nayo barabarani.

Zipo pia pikapu za zamani zilizotoka kiwandani bila stabilaiza, na zipo nyingi za leo zenye ya mbele tu na hazina ya nyuma. Usinitolee hizo kuwa hoja. Gari lililozaliwa bila kitu lilipewa springi za kuishi bila kitu hicho, na lilikwenda barabara za mwendo mwingine. Zile pikapu kuukuu za matatu Kenya zilipiga kazi yao wakati wao. Hakuna anayekushauri uzipeleke I-45 leo na watu kumi na wawili nyuma. Na rafiki yako anayekushauri ununue stabilaiza nene ya nyuma badala ya kurudisha ya mbele, mwambie akae kimya kidogo. Ugumu wa fimbo hizi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake. Ukiongeza unene asilimia 10 tu, ugumu unapanda karibu asilimia 46. Ukiweka nene nyuma na mbele pakiwa patupu, umeifanya ile hadithi ya mkia kuondoka iwe ya hakika zaidi. Na ukifunga trela siku moja, kifaa cha kuzuia trela kuyumba ni kitu kingine kabisa, kinakaa kwenye kiungio cha trela. Usije ukanunua kimoja ukidhani umepata vyote.

Jambo jingine ni hili la kwamba hakuna mtu atakayekuuliza. Kweli. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Texas imeacha ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari ya watu binafsi. Unalipa dola 7 na senti 50 wakati wa kuandikisha gari, basi. Hapa kaunti ya Tarrant, na ya Dallas, na ya Harris kule Houston, bado wanapima moshi, lakini anayepima moshi haangalii chini ya gari. Vijana wameshangilia. Mimi nimesikitika kidogo, ingawa hata ukaguzi ule wa zamani ulikuwa wa breki, taa, matairi na usukani, na wengi waliupita kwa dakika chache. Maana yake ni kwamba mkaguzi wa pikapu yako sasa ni wewe. Polisi hatakusimamisha kwa ajili ya stabilaiza. Atakuja baadaye, na vipande vya kioo vikiwa barabarani, na hapo watakuja wengine nyuma yake. Hujaona mabango ya mawakili kando ya I-30, sura zao kubwa kuliko nyumba? Bima yako ya kima cha chini cha Texas inamlipa mtu mmoja uliyemuumiza dola 30,000, na haizidi 60,000 kwa ajali nzima. Kitanda kimoja cha hospitali hapa kinaweza kuzila fedha hizo kabla mgonjwa hajafungua macho. Kinachobaki atakidai kwako, na wakili wake atauliza nani aliiondoa ile fimbo, na kwa nini.

Najua kwa nini hukutaka gari lilale gereji. Arlington hii, mji wa watu karibu laki nne, haina mabasi ya kawaida. Kuna vile vigari vya Via vya kuita kwa simu tangu mwisho wa 2017, na havitakubebea makochi ya mteja. Bila pikapu huna kazi, na bila kazi hakuna kodi ya nyumba wala kile unachomtumia bibi yako Tanga. Hilo nalielewa kuliko unavyodhani. Ndiyo maana sikwambii uiegeshe mwezi mzima. Nakwambia utoe nusu ya Jumamosi.

Jozi ya linki za kawaida kwa pikapu nyingi za hapa haifiki dola mia. Nunua zote mbili, usinunue ya kushoto peke yake. Linki moja ikikatika, fimbo yote haifanyi kazi, kwa sababu haina upande wa pili wa kushikilia. Yako ilikuwa imelegea, kwa hiyo ulikuwa karibu unaendesha bila stabilaiza hata kabla ya kuitoa, ila ulikuwa na kelele za kukuonya. Badilisha na bushi za katikati, ni mpira wa bei ndogo. Iokote ile fimbo nyuma ya nyumba, ifute, itazame kwenye mikunjo kama ina ufa au imeliwa na kutu. Ikiwa na ufa usiifunge, tafuta nyingine kwa wauza magari yaliyovunjwa. Nyanyua mbele yote kwa pamoja, si upande mmoja, maana ukinyanyua upande mmoja fimbo itakuwa imesokoteka na hutaweza kuingiza linki bila kupigana nayo. Weka stendi. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake, na hilo nitalirudia mpaka nizikwe. Tumia nati mpya za kujifunga zinazokuja na linki, usirudie za zamani. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na baada ya siku chache za kuendesha kaza tena.

Ukimaliza, jaribu kwenye barabara tupu kwa mwendo wa kawaida. Utasikia usukani umepata akili: unageuza, gari linageuka, halingoji kwanza lilale. Hapo ndipo wengi huniambia, kumbe. Si lazima uniambie. Mdharau mwiba mguu huota tende, umeisikia kwa mama yako tangu ukiwa huna meno, sitaifafanua.

Na kwa wewe mwingine unayesoma haya, ambaye si mpwa wangu lakini una pikapu yenye kelele na fundi mwenye haraka: fundi akikwambia kitu hakina kazi, mwombe akueleze kilikuwa kikifanya nini kabla hajakitoa. Akishindwa kueleza, chukua funguo zako. Tangu tarehe 7 Novemba 2000 haijapita siku moja katika barabara za Texas bila mtu kufa, na Idara ya Uchukuzi ya jimbo inalisema hilo kila mwaka na kuomba watu waikatishe hesabu hiyo. Wengi hufa kwa mwendo kasi, kwa pombe, kwa kutofunga mkanda; stabilaiza haiponyi lolote kati ya hayo, na mtu akikuuzia maneno kwamba inaponya yote, mkatalie pia. Funga mkanda, punguza mwendo, kisha urudishe na fimbo.

Mpwa wangu, Jumamosi hii nipo nyumbani tangu asubuhi. Stendi ninazo, spana ninazo, mgongo wa kulala chini ya gari sina, huo uje nao wewe. Lete linki mbili, bushi mbili, na ile fimbo. Na kabla hatujaifunga, mteja wa Houston mwambie asubiri.